Gauni la Mwili Ujao

Fundi wa nguo za wanawake hapa Kibokoni, Mji wa Kale, hasomi kipimo kwa sauti. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ni adabu tu. Anazungusha tepu kiunoni, anatazama namba, anaiandika, na uso wake hausemi kitu. Chumba kinaweza kujaa mashangazi wanaonyoosha shingo wapate cha kuzungumza jioni, lakini kwa fundi mwenye adabu hawaambulii neno. Kache Menza alikuja kutoka Kaloleni akaikuta adabu hiyo, akaishika vizuri hata wanawake wanene wa Mji wa Kale wakawa wanawapita mafundi wengine njiani na kuja kwake.

Asubuhi ile aliyesimama mbele ya tepu alikuwa Bi Sheikha, mwenye nyumba yenyewe. Chumba cha chini alichoweka Kache cherehani yake kilikuwa cha Bi Sheikha, na kodi aliidai kwa upole, miezi mingine akajifanya amesahau. Sasa binti yake Twaiba alikuwa anaolewa, na Bi Sheikha alikuwa ameshuka ngazi na lesi ya rangi ya komamanga, ile ya bei ambayo muuzaji huikunja mwenyewe kwa mikono miwili.

"Pima," alisema, "lakini usikate kwa kipimo hicho."

"Nikate kwa kipimo gani, mama?"

"Cha mwili nitakaokuwa nao siku ya arusi." Akanyoosha kidole ukutani. "Si wewe mwenyewe uliyelibandika hilo?"

Ukutani palikuwa na bango la Chai ya Wepesi. Mwanamke aliyevaa koti jeupe la daktari alikuwa akitabasamu kati ya picha mbili, mnene upande huu, mwembamba upande ule, na chini yake maandishi mekundu: mwezi mmoja, saizi tatu, bila njaa, bila jasho. Bango lililetwa na Wendy, msichana mwenye duka la vipodozi huko mjini, pamoja na katoni ya paketi za kijani. Kila paketi iliyouzwa ilimwachia Kache kitu kidogo. Kama chai ile ilipunguza watu au haikupunguza, Kache hakujua. Hakuuliza, na wacha tuseme ukweli, hakuuliza kwa sababu hakutaka kujibiwa.

Alichotaka ni ovaloki. Kwa kukosa mashine ya kumalizia pindo, kila nguo aliyoshona ilimbidi aibebe hadi kwa fundi mmoja wa Biashara Street, mwanamume aliyemwacha asimame mlangoni huku akihudumia wengine, kisha akaita kwa sauti, "Haya, yule wa viraka, lete vyako." Kache aliitika kila mara, na kila mara alirudi nyumbani na hasira asiyojua aiweke wapi.

Basi akampima Bi Sheikha. Tepu ilisema ilichosema, Kache akaandika, na sisi nasi tuifumbie macho namba hiyo kwa sasa. Lesi akaikata kwa saizi tatu za chini kama alivyoagizwa. Lakini mkono wa fundi una woga wake. Ndani ya mishono ya pembeni aliacha kitambaa cha vidole vinne, akakikunja, akakishona kwa uzi mwepesi, asimwambie mtu.

*

Siku ya kujaribu mara ya kwanza gauni lilikwama nyongani.

Bi Sheikha alikuwa ameshainywa chai siku kadhaa, asubuhi na jioni. Twaiba alikuwepo akivuta upande mmoja. Bi Mwanaesha, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe cha kahawa, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

"Vuteni pole pole," Bi Mwanaesha alisema, "msije mkaangusha ukuta. Nyumba zenyewe hizi ni za mawe ya zamani."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Sheikha mwenyewe. Ndivyo alivyozoea, acheke yeye kabla ya wenzake, ili wakicheka waonekane wanamfuata. Alicheka mpaka Bi Mwanaesha akaondoka na Twaiba akapanda juu kupokea simu ya mchumba wake. Hapo ndipo alipokaa kwenye benchi, gauni likiwa bado limemkaba mapajani, akafuta macho kwa pindo la leso.

"Kache mwanangu, wajua mie niliolewa vipi? Gauni halikufunga nyuma. Mamangu alilibana kwa pini, kisha akasimama mgongoni pangu arusi nzima, nikenda huku yeye huku, asije mtu akaona. Watu wakasema, mbona mama hamwachi bibi arusi? Mpaka leo wanikumbusha." Akapenga kamasi. "Sitaki Twaiba asimame mgongoni pangu siku yake."

Kache alimvua gauni taratibu kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa, akamsindikiza hadi kwenye ngazi.

Baada ya adhuhuri, kichochoro kilipolala na madirisha yakafungwa, alilipindua gauni, akachukua wembe, akafumua mishono ya pembeni. Aliachia kidole kimoja na nusu kila upande, akashona tena, akapiga pasi mpaka alama za uzi wa zamani zikapotea upande wa nje. Alifanya hivyo kwa huruma, huruma ya kweli. Alijiambia ni mara moja tu, mpaka chai ianze kufanya kazi.

*

Mara ya pili gauni lilipita nyonga, likapita tumbo, likakaa mabegani, mgongo ukiwa bado wazi kwa kuwa zipu haijatiwa.

Bi Sheikha alisimama mbele ya kioo asitikisike. Kisha akapiga kigelegele kilichomtoa Bi Mwanaesha nyumbani kwake bila kiatu.

"Mwaona? Mwaona nyote? Limenikwama juzi, na leo hili hapa! Twaiba, njoo umuone mamako!" Akamgeukia Kache na uso uliojaa furaha. "Sema, fundi. Si ndilo lile lile?"

"Ndilo lile lile, mama," Kache alisema.

Hakudanganya, gauni lilikuwa lile lile. Alifumba mdomo kama anavyoufumba kila akishika tepu, na kwa mara ya kwanza adabu ile ikamuuma. Angeweza kusema. Chumba kilikuwa kimejaa vicheko, Twaiba alikuwa amemkumbatia mamake kutoka nyuma na mikono yake haikufika mbele, na wote wawili walikuwa wakilia kwa furaha. Nani angesema wakati kama ule?

Jioni hiyo hiyo Bi Sheikha alichukua simu akarekodi sauti, akaituma kwenye kundi la wanawake wa arusi. "Mimi ni Sheikha wa Kibokoni. Mnanijua, sina haja ya kueleza nilivyo. Nguo iliyokuwa ikinikaba sasa naivaa nikiimba. Fundi wangu ndiye shahidi."

Haukupita muda sauti hiyo ikamfikia Wendy. Wendy akaibandika juu ya picha mbili za wanawake ambao hata hawakufanana wao kwa wao, wala mmoja wao hakuwa Bi Sheikha, akaisambaza mjini kote. Bi Sheikha alipoiona alicheka. "Sura si yangu lakini sauti ni yangu. Haya, na wanufaike wengine."

Wakanufaika, au walidhani wananufaika. Bi Mwanaesha akachukua paketi mbili. Dada zake bwana arusi wakachukua. Wanawake ambao Kache hakuwajua walibisha hodi, wakatazama bango, wakauliza, "Ndiwe yule shahidi?" Kache aliitika kwa kichwa na kuwafungia paketi kwenye gazeti.

Ovaloki ililetwa kwa mkokoteni, nusu ya bei yake ikiwa bado deni. Masha, mumewe, aliyefanya kazi ya kupakia barafu na samaki kule Liwatoni, alikuja kuifungua akiwa bado ananuka kazi. Aliipapasa huku na huku.

"Mashine hii yote imetoka kwenye majani?" aliuliza. "Kwani chai yenyewe ni ya nini hasa?"

Kache akamweleza habari ya mishono. Alitaka mtu mmoja ajue, labda apate kukemewa. Masha alicheka mpaka akashika ubavu.

"Basi wewe ndiwe dawa! Sindano yako yapunguza watu!"

"Masha, si jambo la kucheka."

"Mwenyewe amefurahi, wewe umepata mashine. Hapo aliyeumia ni nani?"

Kache aliiwasha ovaloki, ikanguruma, na kila ilipokata pindo aliona aibu, kisha akaona raha kwamba haendi tena Biashara Street, kisha akaona aibu zaidi.

*

Mara ya tatu kitambaa cha ndani kilikuwa kimekwisha.

Kache alikuwa ameshafumua tena adhuhuri iliyotangulia, akaachia chote kilichobaki, mpaka mshono ukawa unapita ukingoni kabisa mwa lesi. Bi Sheikha alivaa, Kache akavuta zipu, iliyokwisha kutiwa sasa. Ikapanda, ikapanda, ikasimama. Palibaki pengo la vidole vitatu mgongoni, pale pale pa pini za zamani.

"Imefunga?" Bi Sheikha aliuliza, akiwa amezuia pumzi.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kache alipakumbuka baadaye kila alipolala na kila alipoamka. Angesema, mama, kitambaa kimekwisha, mwili ni ule ule, na yangeishia hapo chumbani, kwa machozi na matusi kidogo. Badala yake mdomo wake ukatoa maneno mengine, mepesi, ya kibiashara.

"Bado kidogo tu, mama. Kidogo sana."

"Kidogo hicho nitakimaliza," alisema Bi Sheikha.

Akaenda kukimaliza. Kikombe kimoja cha asubuhi kikawa viwili, cha jioni kikawa viwili. Ndani ya paketi mlikuwa na kikaratasi kilichosema chai isichanganywe na vidonge vya hospitali ili isipoteze nguvu, naye akaviweka kando vidonge vyake vya presha, ndani ya bakuli la sukari, Twaiba asivione. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, na ukumbi wote ulimzoea akikimbia. Kache alimsikia juu ya kichwa chake, akienda na kurudi, akienda na kurudi, na mguu wake akauacha kwenye pedali ya cherehani ili kelele zifunike.

*

Bi Sheikha alianguka asubuhi moja, sakafuni jikoni, mkono ukiwa umeshika mlango wa kabati.

Twaiba alipiga ukelele, Kache akapanda ngazi mbili mbili. Bi Sheikha alikuwa macho lakini midomo imekauka, na moyo ulikuwa ukimrukaruka hata ukaonekana shingoni. Gari haliingii kichochoroni pale, na tuktuk husimama kwenye njia kubwa. Kumbeba ngazini kulitaka wanaume, wakaitwa wa msikitini, wakaitwa wa duka la mbao. Mmoja akasema jambo kwa sauti ya chini na mwingine akaficha kicheko begani. Mwisho wakamlaza kwenye mkokoteni wa hamali, ule ule uliokuwa umeleta ovaloki, wakamfunika leso, wakamsukuma mpaka njia kubwa. Watu walitoka kwenye milango. Bi Sheikha, aliyezoea kucheka kwanza, safari hii hakuweza. Alifumba macho tu, na Kache akatembea kando ya gurudumu akimshika mkono, akitamani ardhi impasukie.

Hospitalini walimtia maji mshipani. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye usingizi machoni. Alizitazama zile paketi alizoleta Twaiba, akazipindua, akatafuta mahali palipoandikwa kilichomo ndani, asipaone.

"Ni majani ya kuharisha, nadhani, na sijui na nini kingine," alisema. "Maji na chumvi vimemtoka, ndiyo maana moyo unaruka. Na presha iko juu sana. Mama, vidonge vyako uliacha lini?"

"Sikuacha. Niliviweka."

"Ulitaka kupungua?"

"Nimepungua," alisema Bi Sheikha kwa sauti dhaifu lakini ya fahari.

Siku ya tatu, maji yaliporudi mwilini, wakampandisha kwenye mizani. Daktari akasoma, akalinganisha na kadi yake ya kliniki ya presha, akatikisa kichwa. Hakukuwa na tofauti ya maana. Bi Sheikha alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Mizani yenu mbovu, binti yangu. Nguo haidanganyi. Muulize fundi wangu, huyu hapa."

Daktari akamgeukia Kache. Twaiba akamgeukia Kache. Na Kache, Mungu amsamehe, akainama kuokota leso ambayo haikuanguka.

Twaiba alipotoka kwenda kununua maji, Bi Sheikha alimvuta Kache kwenye ukingo wa kitanda. "Sikiza. Yale ni mambo ya uchovu wa arusi na jua hili. Niletee paketi moja nyingine, uifiche ndani ya nguo, Twaiba asijue. Si ulisema bado kidogo?"

*

Kutoka hospitalini Kache alikwenda moja kwa moja kwa Wendy. Duka lilijaa harufu ya marashi na mafuta ya nywele, na sauti ya Bi Sheikha ilikuwa ikitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya kaunta, ikimaliza na kuanza tena. Fundi wangu ndiye shahidi. Fundi wangu ndiye shahidi.

"Ndani mna nini, Wendy?"

"Ni mitishamba."

"Mitishamba gani?"

"Dada Kache, mimi naletewa kwa katoni. Mimi nauza tu." Wendy hakuwa mtu mbaya, alikuwa na miaka ishirini na kitu na kodi ya duka.

"Na daktari wa kwenye bango?"

"Alikuja na bango." Wendy akashusha sauti. "Mwambie mama apumzike siku mbili tatu, halafu aendelee na kikombe kimoja. Na ukipita wiki ijayo kuna zawadi yako. Hakuna aliyeniuzia kama wewe."

"Wewe waninywa chai hii?" Kache aliuliza, na kwa hasira maneno yakamtoka vibaya. "Wainywa?"

Wendy akacheka kidogo, akapanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa. "Mimi tumbo langu halitaki vitu vya majani."

Jioni, nyumbani kwao Majengo, Kache alimwambia Masha kwamba atamwambia Bi Sheikha ukweli. Masha aliweka kijiko chini.

"Atatufukuza kwenye kile chumba. Wajua chumba cha bei ile hakipatikani tena Mji wa Kale? Wateja wako wote ni jamaa zake. Kesho utashonea wapi, hapa Majengo kitandani?"

"Ataka paketi nyingine, Masha."

"Usimpe. Mwambie zimekwisha. Kwani lazima useme na ya mishono?"

"Zikiisha kwangu ataagiza kwa Wendy mwenyewe. Anaamini kwamba chai yamsaidia. Na aliyemwaminisha si bango. Bango lilimtia hamu tu. Ni mimi."

Masha alikuwa ameuliza siku ile aliyeumia ni nani, na sasa alikumbuka. Alisukuma sahani kando, akasema tu, "Mimi sitaweza kukutazama machoni nikikwambia unyamaze. Lakini sikwambii useme."

*

Bi Sheikha alirudi nyumbani siku ya Jumamosi. Kache alipanda juu akiwa na gauni mkononi. Alipiga hodi.

"Karibu, mwanangu. Imo humo ndani?" Bi Sheikha alikuwa amekaa kitandani, amechana nywele, macho yakiangalia mlango kama Twaiba yuko karibu.

"Hamna paketi, mama. Kuna gauni."

Akaliweka mapajani pa Bi Sheikha, akalipindua ndani nje. Alichukua kidole cha Bi Sheikha, akakipitisha kwenye mshono wa ukingoni.

"Huu ndio mshono wa sasa. Haya, njoo na kidole huku ndani. Wahisi vitundu? Hapa palikuwa na mshono kabla ya huu." Akakisogeza tena. "Na hapa palikuwa na mshono wa kwanza, ule uliokukwama. Mimi nilifumua, mama. Mara mbili. Wewe ukilala adhuhuri, mimi nafumua."

Kidole cha Bi Sheikha kilirudi peke yake kutoka mstari wa tatu hadi wa kwanza, kikaenda tena. Nje muuza mabuyu alipita akiita.

"Kwa hivyo sikupungua."

"Hukupungua."

"Hata kidogo?"

Kache alitamani kumpa hata inchi moja. Angeitoa mwilini mwake kama ingewezekana. "Hata kidogo, mama. Yaliyotoka ni maji, na hospitali wameyarudisha."

Bi Sheikha hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Kache kuliko yote.

"Ungenambia tu kwamba mimi ni mnene. Nimeambiwa tangu niko chuoni, mtoto nasoma juzuu, sikufa. Hili la kunifurahisha ndilo lingeniua."

"Nilikuonea huruma. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, wallahi, mama, na hiyo 'wallahi' ni ya dini yenu, si yangu, lakini naapa."

"Na mara ya pili?"

Kache alitazama sakafu. "Mara ya pili ilikuwa ovaloki."

Bi Sheikha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa deni dogo asilolitarajia. Ghafla akashika kifua, Kache akaruka akidhani ni moyo tena. Haukuwa moyo.

"Bi Mwanaesha!" alisema. "Yuanywa tangu ile siku, na yeye ana sukari. Na wale wasichana wa kina bwana arusi, mmoja yuanyonyesha. Wote kwa sauti yangu! Nimewaapia na wewe ndiwe shahidi. Mie nimekuwa mwongo wa watu, Kache, na sikuwa na habari."

"Nitawapitia mmoja mmoja niwaambie."

"Watakwambia wewe una wivu, wataka kuuza kitu kingine. Hawakukuamini wewe. Waliamini mwili wangu. Waite. Alasiri, chumbani kwako. Waambie ni kujaribu nguo za arusi, watakuja mbio."

"Na chumba, mama? Nihame lini?"

"Chumba tutakizungumza baada ya arusi," alisema Bi Sheikha, asimtazame. "Gauni utaliongeza ubavuni kwa kitambaa chochote, ukinunue kwa pesa yako. Wala usihangaike kutafuta rangi ifanane."

*

Walikuja mbio. Bi Mwanaesha alikaa mahali pake pa siku zote, uso umepauka kidogo, kikombe mkononi. Dada wawili wa bwana arusi walibanana kwenye benchi, mdogo akiwa na kitoto kifuani. Wengine walisimama karibu na ovaloki, na mmoja alikuwa ameegemea bango. Mlango ukafungwa, pazia likashushwa.

Bi Sheikha alishuka ngazi akimshika Twaiba, akasimama katikati ya chumba. Akafungua leso ya juu, akabaki na shumizi. Katika maisha yake yote hakuwahi kusimama hivyo mbele ya watu, na hakucheka.

"Twaiba, washa simu yako irekodi. Kache, leta tepu."

Kache alileta.

"Nipime. Usome kwa sauti."

"Mama," Kache alinong'ona, "hatusomi."

"Leo tunasoma. Ile sauti ya kwanza ilikuwa yangu, na hii itakuwa yako. Iende kila ilikokwenda ile." Akainua mikono yake miwili mizito, akaiweka juu ya kichwa, kama wafanyavyo watoto wakipimwa sare ya shule. "Anza na jina lako, wakujue."

Macho yote yalikuwa kwa Kache. Bi Mwanaesha alikuwa ameshusha kikombe. Kache alizungusha tepu kwenye kiuno alichokijua kuliko chake, akakutanisha ncha zake mbele, akatazama namba.

"Mimi ni Kache Menza," alisema, "fundi wa Kibokoni. Mimi ndiye yule shahidi. Namshonea Bi Sheikha. Nililifumua gauni lake nikaliongeza kwa siri, akadhani amepungua. Hakupungua. Kiuno, inchi hamsini na mbili."

"Na siku ya kwanza, kabla ya chai?" Bi Sheikha aliuliza.

"Hamsini na mbili."

Hakuna aliyecheka. Aliyeegemea bango alijitenga nalo. Yule mwenye kitoto alikuwa akilia bila sauti, akifungua pochi yenye paketi yake na kuifunga. Kache alilegeza tepu akitumaini yamekwisha, lakini Bi Sheikha hakushusha mikono.

"Haya," alisema, "sasa nyonga."